Kutoka maji ya goti hadi kilindini: shajara ya kikundi cha mwani, Mlingotini

Shajara hii ni ya kikundi cha wanawake wakulima wa mwani wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Mimi ndiye katibu wake. Kazi tuliyoianza mwaka huu ina pande mbili: kuhamishia kamba zetu za kotonii, aina ya mwani tunaoulima, kwenye maji ya kina, na kujifunza kuogelea, kwa kuwa hilo la kwanza halifanyiki bila hili la pili. Naandika zaidi siku za maji mafu, ambapo bahari haipwi sana, kamba za shambani hazifikiki na mikono inapata nafasi ya kushika kalamu.

Januari, bamvua la mwezi mpevu

Kaskazi inavuma na jua ni kali. Kwenye bamvua bahari yetu hupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Maji yanayobaki juu ya mashamba hayafiki goti, na ni ya moto. Ukitia mkono unajua. Kotonii inataka maji ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Yakizidi hapo kwa muda mrefu matawi yanakuwa meupe, yanalainika, kisha yanakatika na kuchukuliwa na maji. Leo tumelizunguka shamba zima. Upande wa ufukweni tumekuta kamba na vijikamba vitupu. Upande wa mkondo, ambako maji hayakauki hata bamvua likipwa kabisa, kuna mafungu yaliyosimama vizuri, ya kahawia na magumu.

Bibi mmoja, aliye miongoni mwa wakulima wa mwanzo wa mwani hapa kijijini, alichuma tawi la upande wa mkondo, akalibonyeza, akasema: “Huu umefuata baridi. Na sisi je?”

Neno lake ndilo lililoleta kikao.

Hili si letu peke yetu. Mwani wa kuuza ulianza kupandwa Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ndipo baadaye ukaingia mwambao wa bara. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa kwenye maji mafupi, na wakulima wengi wamebaki na spinosum, aina nyingine ya mwani, ambayo inavumilia joto lakini bei yake iko chini. Kotonii hutoa karajini, kitu cha kugandishia vyakula, inayoganda vizuri, inayotakiwa na viwanda vya vyakula, ndiyo sababu wanunuzi huilipia zaidi. Na mwani hauna huruma kwenye mizani: kilo saba hadi kumi za mbichi hukauka zikawa kilo moja. Mtu aliyepoteza nusu ya kamba zake hapati kitu cha kumwezesha kusubiri msimu mwingine.

Januari, maji mafu

Kikao chini ya mti wa mkungu. Nimeandika maneno mengi kwenye daftari la kikundi. Hapa naweka yaliyo ya msingi.

Njia za kulima kwenye kina zinajulikana. Kuna kamba za kuelea, zinazoshikwa na nanga chini na maboya juu. Kuna pia neti za mirija, yaani neti zenye umbo la bomba ambazo mwani hutiwa ndani yake, ambazo mtafiti Flower Msuya, aliyelifanyia kazi zao hili kwa miaka mingi Zanzibar, amezieleza sana. Zote mbili zinataka maji ya mita kadhaa hata bamvua likipwa, na zote mbili zinataka mtu asiyehofu kuwa mahali ambapo mguu haugusi mchanga.

Pendekezo lililoonekana jepesi lilikuwa kuwakodi vijana wenye ngalawa. Watatupandia, watatuvunia, nasi tutawapa fungu lao. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi nilisimama kulipinga, na bado nalipinga. Mwani ndio zao la bahari ambalo mwanamke wa mwambao ameweza kulishika mwenyewe kuanzia mbegu hadi fedha, kwa sababu lilikuwa linafikika kwa miguu. Siku litakapofikika kwa chombo cha mwingine tu, hesabu itakuwa ya mwingine. Sisi tutabaki ufukweni tukisubiri kuambiwa mzigo umetoka kiasi gani. Nimewaona wanawake wengi wakisubiri samaki hivyo, nami ni mmoja wao, maana mume wangu ni mvuvi.

Mwenyekiti akauliza ni nani kati yetu anayejua kuogelea. Hakuna aliyeinua mkono.

Tumezaliwa hapa. Tunajua pepo zote, tunajua mwezi ukiwa hivi maji yatakuwaje, tunajua pweza hujificha wapi. Lakini maji yakipita kifua tunarudi. Kaka zetu walijifunza wakiwa wadogo kwa kuruka kutoka kwenye ngalawa zilizotia nanga. Sisi saa hiyohiyo tulikuwa tunaitwa nyumbani kuosha vyombo. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Tuliitwa tu, kila siku, mpaka tukawa watu wazima.

Bibi yule wa Januari akasema: “Ukiyavulia nguo maji, sharti uyaoge. Na hapa tumeshavua, maana nyuma hakuna mwani.” Tukapiga kura ya mikono. Kujifunza kumepita.

Februari, maji mafu ya kwanza

Mwalimu tumempata, na ni mtoto wetu wenyewe: binti wa mwenzetu aliyesoma kwenye chuo cha uvuvi hapo Mbegani. Ana umri wa mwanangu wa pili. Ni mwogeleaji mzuri na ana subira.

Tulichagua siku za maji mafu kwa sababu tatu. Siku hizo hatuna kazi shambani. Maji hayapwi sana wala hayajai sana, kwa hiyo hayavuti kwa nguvu. Tena asubuhi yanakuwa yamejaa na kusita, si yale ya moto ya bamvua lililopwa.

Kabla ya maji palikuwa na jambo la adabu. Binti alitusalimu wote shikamoo, mmoja baada ya mwingine, kisha akasimama bila kusema. Hakuweza kumwamuru mama yake alale chali mbele ya watu. Tulikaa hivyo kwa muda, maji yakitugonga kiunoni. Bibi ndiye aliyefungua njia. Alimwambia: “Mwanangu, ufukweni sisi ni mama zako. Ukishaingia humu wewe ndiye kungwi na sisi ni wali. Kungwi hamwombi mwali msamaha.” Binti akacheka, na tangu hapo sauti yake imebadilika. Majini tunamwita Mwalimu. Tukitoka anatubebea ndoo.

Naiandika habari hii kwa urefu kwa kuwa naiona ndiyo hatua kubwa ya mwezi huu, kuliko lolote tulilofanya na mikono. Mtu mzima kumpa mtoto wake ruhusa ya kumfundisha si jambo dogo kwetu. Na neno la unyago lilisaidia, maana sote tunajua lina maana gani: umeshikwa mkono na anayejua, unaambiwa fanya, unafanya, na haikushushi.

Somo lenyewe lilikuwa kupumua. Kuchukua hewa kwa mdomo, kuinamisha uso majini, kuitoa polepole kwa pua mpaka mapovu yaishe. Basi. Asubuhi nzima.

Februari, bamvua la mwezi mchanga

Kazi ya shamba. Tumevuna kilichobaki na kuokoa mbegu za upande wa mkondo.

Jambo la nguo limezungumzwa na kumalizwa. Kanga mbili majini ni hatari: zinanywa maji, zinakuwa nzito, zinasokota miguu. Dera ni baya zaidi, maana linapanda usoni. Tumeshona suruali za kitambaa laini kisichoshika maji, na fulana ndefu za mikono mirefu zinazofika magotini, na kilemba cha kufunga nyuma. Fundi ni mwenzetu wa kikundi. Kila mtu anatoka nyumbani amejitanda kanga, anaiacha ufukweni kwenye kapu, akitoka majini anajitanda tena. Stara haikupungua hata kidogo.

Lazima niseme wazi, kwa faida ya kikundi kingine kitakachotaka kuanza: nguo ndiyo iliyowazuia wengi zaidi kuliko maji. Wapo waliokuwa wanasema “naogopa kuzama,” na siku nguo zilipokuwa tayari wakaja. Walichokuwa wanakihofia ni kuonekana wameloa, nguo zimeshika mwili, na vijana wamekaa kwenye mashua wanatazama. Basi viongozi wa mradi wa namna hii waanze na cherehani.

Machi, mwezi wa Ramadhani

Masomo ya majini yamesimama. Mwenye kujifunza kuogelea humeza maji, na hatukutaka kuitia shaka funga ya mtu.

Tumefanya kazi za nchi kavu. Tumetengeneza maboya kwa chupa za plastiki zilizofungwa vizuri, na nanga kwa mifuko ya mchanga. Baada ya alasiri tumekuwa tukikaa kibarazani kwa mwenyekiti, Mwalimu akitufundisha usalama. Somo lililoniingia zaidi ni hili: anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Mdomo wake unazama na kutoka, hana pumzi ya kuita. Anaonekana kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Ukimwendea kwa mikono mitupu atakupanda wewe, mzame wote. Kwa hiyo mtupie kitu. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, linabeba uzito wa karibu kilo 20 majini, na mtu aliye majini hahitaji kubebwa uzito wake wote, anahitaji kichwa tu kiwe juu. Madumu tunayo kila nyumba. Tumeamua kila ngalawa ya kikundi itakuwa na dumu lililofungwa kamba ndefu, na halitatiwa maji wala mafuta ya taa.

Mume wangu alisikiliza somo hilo akiwa amekaa upande wa nje wa kibaraza. Kesho yake niliona dumu kwenye ngalawa yake.

Aprili, baada ya Idi, maji mafu

Masika imeanza. Maji yamechafuka kwa mvua na mito, huoni mguu wako. Wengine walitaka tusubiri. Mwalimu akasema maji ya kuelea si lazima uyaone.

Kuelea kumechukua muda mrefu kuliko yote, na kwa kila mtu kumekuja kwa njia yake. Sababu ya mwili kuelea ni nyepesi kueleza: mapafu yakijaa hewa mwili unakuwa mwepesi kuliko maji unayoyasukuma, na maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mtoni, kwa hiyo bahari inatusaidia. Lakini kichwa kikikubali, shingo haikubali. Ukiinua kichwa kutazama miguu yako, nyonga zinazama, unameza maji, unasimama. Dawa ni kulaza kisogo majini mpaka masikio yazame, na kutazama juu. Hapo ndipo woga wote ulipokuwa. Masikio yakizama sauti za watu zinapotea, unabaki na pumzi yako.

Tumeweka utaratibu wa somo. Kila anayejifunza ana somo wake, yaani mwenzake wa kikundi wa kumshika mkono, anayesimama kichwani kwake na kuweka viganja viwili chini ya kisogo. Hamwachii mpaka aambiwe. Sharti ni hilo moja, na tumelishika kwa ukali: hakuna kumwachia mtu kwa hila ati ajione ameweza. Nimesikia wanaume wakisema wao walijifunza kwa kutupwa. Sisi si watoto wa miaka saba. Mwanamke wa miaka hamsini akidanganywa mara moja majini hatarudi tena, na ana haki.

Somo wangu ni wifi yangu. Kwa miaka hatukuwa na maelewano mazuri, mambo ya nyumbani ambayo si ya kuandikwa hapa. Tulipangwa pamoja kwa kuwa tunalingana urefu. Asubuhi moja ya mwezi huu alikuwa ameshika kisogo changu, mvua inadondoka usoni, naye akawa anazungumza maneno nisiyoyasikia, nikiona midomo tu. Nikamwambia “achia.” Akaachia. Nilikaa juu ya maji nikipumua. Niliposimama nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akasema: “Nilikuwa nakusomea dua.”

Mei

Mvua nyingi. Mafunzo machache. Mwani wa maji mafupi umepata shida nyingine, maji ya mvua yamepunguza chumvi. Kikundi kimepika sabuni za mwani kwa ajili ya soko la Bagamoyo mjini, na ndizo zilizotulisha.

Julai, maji mafu

Kusi imekaza. Nje ya ghuba mawimbi yamesimama, ndani ni afadhali. Tumejifunza kupiga miguu, kuogelea chali, na kujishikilia wima mahali pa kina bila kusogea. Hilo la mwisho ndilo tutakalolihitaji zaidi kwenye kamba, maana kazi ya mwani ni ya mikono miwili.

Mwenzetu mmoja amesema hataendelea. Alimpoteza kaka yake baharini wakiwa watoto, na kila akizamisha masikio humsikia. Alikuja kikaoni mwenyewe, akasema amejaribu kwa moyo wote na anaomba kuacha. Palikuwa na watu waliotaka kumshawishi. Mimi nilimuunga mkono, na nilisema niandikwe hivyo kwenye daftari. Kubadilika kwa mtu hakupimwi kwa kuwa amefika mnakotaka nyinyi. Huyu mwanamke hakuwahi kulisema jambo la kaka yake mbele za watu tangu lilipotokea. Mwaka huu amelisema akiwa amesimama. Sasa ndiye msimamizi wa sabuni na ukaushaji, na ndiye mlinzi wa ufukweni: anakaa na dumu na kamba kila tunapoingia, haondoi macho. Hakuna aliye makini kumshinda.

Tarehe 25 ilikuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka huohuo. Mwalimu alitusomea hiyo hesabu ufukweni. Yule mlinzi wetu akaomba dakika moja tumkumbuke kaka yake, tukasoma Fatiha.

Septemba, maji mafu

Kusi imelegea. Leo tumetoka kwenda kilindini.

Tulipanda ngalawa mbili, tukasukuma kwa upondo hadi upondo ukakosa chini. Hapo ndipo penyewe. Tulikuwa tumepima mahali hapo siku za bamvua lililopwa, tukaona hata wakati huo maji hayapungui kimo cha mtu na nusu. Pana mchanga chini, hapana mwamba wa kukata kamba, na mkondo unapita bila kukimbia. Maji ni baridi. Unalihisi hilo mara tu unapotia mkono, kinyume cha kule shambani.

Mwalimu aliingia kwanza, akashika rengu, ubao wa pembeni unaoisawazisha ngalawa. Tukaingia mmoja mmoja.

Nataka kuueleza woga ule ulivyo, kwa kuwa watu wanaozungumzia kubadilika huusemea kana kwamba unaondoka kwanza ndipo mtu aingie. Mimi haukuniondoka. Nilipoachia rengu moyo ulienda mbio, miguu ikatafuta chini kwa mazoea ya maisha yangu yote, ikakosa. Tumbo likapanda. Kilichokuwa tofauti na Januari ni kwamba mwili ulikuwa na kazi ya kufanya: pumzi inatoka polepole, kisogo kinalala, masikio yanazama, tazama juu. Woga ulibaki umekaa pale pale, nami nikiwa nimelala juu ya maji. Baada ya muda nilijigeuza, nikapiga miguu, nikamtazama wifi. Alikuwa amefumba macho na midomo inachezacheza. Nilijua anasoma nini.

Mume wangu alikuwa karibu na ngalawa yake. Tulikuwa tumewaomba wavuvi wawili wakae jirani kwa usalama. Hakusema neno kutwa nzima. Usiku, tunakula, akaniuliza maji ya pale chini yana baridi kiasi gani, maana yeye amepita juu yake miaka yote na hajawahi kuingia. Nikamweleza. Tumezungumza habari za bahari mpaka chai ikapoa, mazungumzo ambayo zamani aliyafanya na wenzake wa chomboni tu.

Bibi hakuingia leo. Alikaa ndani ya ngalawa, ameshika kamba ya dumu, anatuhesabu kwa sauti kila mara.

Oktoba, bamvua la mwezi mchanga, na maji mafu yaliyofuata

Tumetega kamba za majaribio. Mifuko ya mchanga imeshushwa pande mbili, kamba kuu imevutwa kufuata mkondo, isiukingame, ili isibebe mzigo wa maji yote. Maboya yamefungwa kwa nafasi zinazolingana, na mwani unaning'inia chini kidogo ya uso wa maji: jua linaufikia, joto la juu kabisa haliufikii. Mbegu ni zile za upande wa mkondo, tulizoziokoa Februari na kuzitunza.

Kufunga mbegu tumefunga tukiwa ufukweni, kivulini, tukazipeleka zikiwa zimefunikwa magunia yaliyoloa. Kufunga majini kwenye kina kunachosha mikono haraka na hakuna faida. Kazi ya majini ni kunyoosha kamba, kukaza maboya, na kuondoa uchafu unaojishika kwenye matawi.

Yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, walikuwa wengi siku ya pili. Nguo ndefu zimetukinga. Wawili wameungua viganjani, wakapona jioni.

Vijana wa ngalawa walikuja kutazama. Mmoja wao akauliza kama tunahitaji watu. Mwenyekiti akamjibu: “Tunahitaji chombo cha kukodi, baba, si mtu wa kutupandia.” Tumepatana naye bei ya ngalawa kwa siku. Yeye anashika kafi, sisi tunashika kamba.

Novemba, baada ya bamvua la mwezi mpevu

Mwani hukaa majini wiki sita hivi hadi kuvunwa. Tumevuna.

Kamba za kilindini zimetoa kotonii iliyosimama, matawi manene, hakuna weupe isipokuwa kwenye ncha za mafungu yaliyokuwa juu mno karibu na boya. Hizo tutazishusha. Kamba za kulinganishia tulizoziacha kwenye maji mafupi, kwa mbegu hizohizo, zimekatika karibu zote. Nimepima mbichi zote kwa mizani ya kikundi na takwimu ziko kwenye daftari la mwenyekiti, na wanachama wanaweza kuziona.

Hasara imekuwepo. Samaki aina ya tasi wamekula upande mmoja wa kamba mpaka wakabakiza vishina. Kule maji mafupi tuliwafukuza kwa miguu, hapa hawajali. Wavuvi wameshauri tutege madema kuzunguka kamba, tule samaki wanaokula mwani wetu. Naona ni ushauri mzuri, na tumewapa kazi hiyo wale wavuvi wawili waliotulinda Septemba, kwa mgawo. Pia mfuko mmoja wa mchanga umepasuka na kamba ikasogea na mkondo. Magunia yatakuwa mawili, moja ndani ya jingine.

Jambo la mwisho la mwezi huu ni la bibi. Siku ya pili ya kuvuna, ngalawa ikiwa imefungwa kwenye boya na maji yamesita, alimwambia Mwalimu: “Sasa nishike.” Alishuka kwa rengu, kilemba kimekazwa, wifi yangu akamshika kisogo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Hakusema “achia,” na hakuna aliyemwachia. Alipopanda chomboni alisema atarudi kwenye maji mafu yajayo na anataka awe wa kwanza, kabla watu hawajachoka.

Desemba, mpango wa maji mafu yajayo

Kundi la pili la wanafunzi linaanza. Wamejiandikisha wanawake wa kikundi chetu waliosita mwanzoni, na wasichana kadhaa wa shule, walioletwa na mama zao. Mwalimu anatarajia kupata kazi mbali na hapa, kwa hiyo masomo ya kupumua na kuelea tutayafundisha mimi na wifi, yeye akisimamia mpaka aondoke. Fundi anahitaji kitambaa cha suruali. Fedha itoke kwenye mfuko wa sabuni. Mlinzi wa ufukweni ameomba dumu la pili na kamba ndefu zaidi, na filimbi. Mbegu za kotonii zimehifadhiwa kwenye mkondo, zimefungwa na kuwekewa alama ya kitambaa chekundu. Bibi amepangwa wa kwanza, saa tatu asubuhi.